Bakteria wameisha, kipimo ni safi, lakini kiungulia kiko palepale. Tatizo liko wapi?

#1 MamaMitumba_Owino (Jumapili usiku)
Salaam wanajukwaa. Nauza mitumba soko la Owino, Kampala, umri ni arobaini na kitu. Kiungulia kimenitesa miaka. Si kile cha kula pilau ya harusi kikapita, hiki ni cha karibu kila usiku. Nikijilaza tu, moto unaanzia chini ya kidari, unapanda mpaka kooni, halafu maji machungu yanajaa mdomoni. Kuna usiku naamka nimepaliwa, nakohoa mpaka watoto wanaamka. Asubuhi sauti imekwaruza, wateja wanadhani nina mafua.

Kila kliniki niliyoingia jibu lilikuwa moja: "Mama, una alsa." Mwaka huu nikapimwa choo, wakamkuta yule bakteria wa tumbo, H. pylori. Nikapewa dawa za siku 14, zile za kuchanganya, nikazimaliza zote ingawa mdomo ulikuwa na ladha ya chuma muda wote. Kipimo nimerudia, hakuna bakteria. Nikasema sasa nitalala. Wapi!

Kama mdudu hayupo, hiki kinachoniunguza ni nini? Na je, niendelee kumeza omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, mpaka kufa? Naomba wanaojua na waliopitia waseme.

#2 AfandeMstaafu_Bombo
Pole dada. Mimi jeshini nimekula posho (ugali) na maharage kwa miaka mingi, na kikosini watu walikuwa wanatafuna vidonge vya magnesium kama pipi. Adui ni maharage. Yaache mwezi mmoja, utakuja kunishukuru.

#3 KakaBoda256
Afande shikamoo. Mimi kikomando ndicho kinachoniendesha mjini, chapati na maharage asubuhi, chapati na maharage jioni, na sijui kiungulia ni nini. Labda maharage ya kambini yalikuwa yanaungua kwa amri 😄

#4 MuuguziLira
Pole sana mama. Nianze hapa, maana ndipo wagonjwa wengi wanapopotezwa. Alsa ni kidonda kwenye ukuta wa tumbo au mwanzoni mwa utumbo mdogo. Unachoeleza wewe ni asidi kutoka mahali pake na kupanda kwenye umio, yaani njia ya chakula. Ni magonjwa mawili, na mtu anaweza kuwa na moja bila jingine. H. pylori analeta vidonda, na kwa baadhi ya watu saratani ya tumbo. Kumtibu ilikuwa sawa kabisa. Ila si yeye anayelegeza mlango wa umio, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kukuahidi kwamba akifa na kiungulia kitakufa.

Mlango wenyewe ni msuli wa mviringo kati ya umio na tumbo. Unameza, unalegea, chakula kinapita, unajifunga. Wewe wa marobota utanielewa nikisema ni mdomo wa gunia: ukikazwa vizuri, hata ukiligeuza halimwagi. Kwa wenye ugonjwa huu msuli unalegea ovyo hata pale ambapo hawajameza kitu, au umedhoofika. Tumbo lina ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya kiasi hicho, ndiyo maana unaungua. Na usiku ni mbaya zaidi kwa sababu umelala, mate yamepungua, humezi mara kwa mara, hivyo asidi ikishapanda inakaa hukohuko.

Sasa nijibu. Unakula saa ngapi na unalala saa ngapi? Omeprazole unaimeza wakati gani? Kuna dawa nyingine unazotumia, hasa za presha, pumu au maumivu? Na muhimu kuliko yote: chakula kinakwama ukimeza? Umekonda bila sababu? Umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi cha kunata?

#5 DerevaTrela_Malaba
Sista, mimi nilidhani haya maji machungu ni nyongo. Pale Malaba wazee wote wanasema nyongo imepanda, wanakupa mizizi ya kutapisha uitoe.

#6 MuuguziLira
Nyongo inaweza kurudi tumboni na hata kupanda, hilo lipo. Lakini kwa kawaida kinachowaka kifuani ni asidi. Kujitapisha ndiko kunaipitisha asidi ileile kwenye umio kwa nguvu. Usifanye, kaka yangu.

#7 MamaMitumba_Owino (Jumatatu, saa 4 usiku)
Asante Sista. Chakula hakikwami, sijakonda, kinyume chake nimenenepa. Damu sijaona.

Kibanda nafunga usiku, mpaka nifike nyumbani na kupika ni saa nne. Nakula matoke na mchuzi wa karanga, au wali ukibaki, na chai ya maziwa juu yake. Saa tano niko kitandani kwa sababu saa kumi na moja naamka kuwahi robota likifunguliwa.

Omeprazole kibahasha kimeandikwa 1x2 basi, hakuna maelezo mengine. Nameza baada ya kula. Ya presha ni nifedipine. Na magoti yakiuma nameza diclofenac, siyo kila siku.

#8 Mfamasia_Jinja
Kwenye ujumbe wa 7 kuna mambo manne: kulala mara baada ya mlo, muda wa kumeza omeprazole, nifedipine na diclofenac. Lolote kati yao linatosha kukukosesha usingizi.

Omeprazole haiizimi asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Inafunga pampu zinazoitengeneza, na inazipata vizuri zinapoanza kazi, yaani chakula kinapokuja. Kwa hiyo inamezwa nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula, kwa kawaida kabla ya kifungua kinywa. Ukiimeza baada ya mlo wa saa nne usiku unapata faida ndogo. Hii habari ya 1x2 kwenye kibahasha bila kuandika "kabla ya kula" inaniumiza moyo, naiona kila wiki. Na kapsuli usiifungue ukamwaga vile vipunje kwenye chai ya moto wala usivitafune. Vimepakwa utando wa kuvilinda visiharibiwe na asidi ya tumbo lenyewe.

Nifedipine inalegeza misuli ya mishipa ya damu ili presha ishuke. Inaweza kulegeza na ule msuli wa mlango. USIIACHE. Presha isiyotibiwa inaua, kiungulia hakiui hivyo. Mwambie daktari wako, ziko dawa za presha za aina nyingine.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini zinachubua tumbo. Mweleze pia.

Swali langu: uliporudia kipimo cha choo ulikuwa bado unameza omeprazole?

#9 MamaMitumba_Owino
Ndiyo, sikuwa nimeacha. Hakuna aliyeniambia niache.

#10 Mfamasia_Jinja
Basi jibu la "hakuna bakteria" si la kuaminika sana. Kipimo cha choo na kile cha pumzi vinahitaji uwe umeacha omeprazole na ndugu zake wiki 2, na antibayotiki wiki 4. La sivyo bakteria wanapungua kiasi cha kutoonekana, nao wapo. Na wengine wanaosoma hapa, kile kipimo cha damu cha H. pylori hakitofautishi mtu anayeumwa sasa na aliyewahi kuambukizwa zamani. Usitibiwe mara tatu kwa sababu ya damu ileile.

#11 AfandeMstaafu_Bombo
Nilisema! Mdudu bado yumo. Halafu anamlisha maharage.

#12 MuuguziLira
Afande, dada amesema matoke na karanga. Maharage hayajatajwa ila na wewe 😄 Na hata mdudu akiwamo, kiungulia cha kulala bado kina maelezo mengine. Mafuta ya karanga yanachelewesha tumbo kumwaga chakula kwenda chini. Amejaza tumbo, amelala saa moja baadaye.

#13 HajjiKibuli
Assalaam alaykum. Nyote mnazungumzia asidi kuwa nyingi. Mimi nimesoma na nimeona kwa macho yangu kwamba tatizo ni asidi kuwa CHACHE. Tumbo lisipokuwa na asidi ya kutosha chakula kinachacha, gesi inasukuma juu. Siki ya tufaha kijiko kimoja kwenye maji kabla ya kula imenisaidia. Na mawazo. Mama anaamka saa kumi na moja, kodi ya kibanda, ada za watoto. Mwili ukibeba mawazo, tumbo ndilo linalosema kwanza.

#14 Mfamasia_Jinja
Hajji wa alaykum salaam. La mawazo nakubali nusu. Hayatengenezi ugonjwa peke yake, lakini umio wa mtu mwenye msongo unahisi maumivu zaidi kwa asidi ileile. Kuna hata watu ambao kipimo cha kamera ya kuingizwa kooni kinaonyesha umio mzima na asidi ya kawaida, na bado wanaungua. Hao omeprazole huwasaidia kidogo.

La siki sikubali. Hatuna ushahidi mzuri kwamba inatibu, na umio uliokwisha kuchubuka ukiumwagia siki unaongeza jeraha. Na ile asidi ikiwa chache kweli, dawa za kupunguza asidi zisingewapa nafuu watu wengi kiasi hiki.

#15 HajjiKibuli
Mimi imenipa nafuu, na huo nao ni ushahidi wangu.

#16 MwalimuArua
Nimeusoma uzi wote. Niongeze mambo mawili.

Hili la H. pylori, walioligundua ni Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia. 1982 walimwotesha bakteria maabara, na watu hawakuwaamini kwa sababu kila mtu alikuwa anasema alsa ni ya mawazo na pilipili. 1984 Marshall akanywa bakteria wenyewe, tumbo lake likavimba na kuwaka ndani, akajithibitishia. Nobeli wakapata 2005. Lakini baadaye wataalamu wakaanza kubishana: kwa baadhi ya watu bakteria huyu anadhoofisha sehemu ya tumbo inayotoa asidi. Ukimwondoa, asidi inarudi kwa nguvu zake, na kiungulia kilichokuwa kimejificha kinaonekana. Hawakukubaliana. Je, si yawezekana mama yetu ndivyo ilivyo kwake?

La pili ni ngiri ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Sehemu ya juu ya tumbo inapenya kwenye tundu la kiwambo na kuingia kifuani, mlango unakosa mtu wa kuushikilia. Mama ananyanyua marobota. Mtu asilichukulie hivihivi.

#17 MamaMitumba_Owino
Mwalimu, kiungulia nilikuwa nacho kabla ya dawa za bakteria, kwa hiyo la kwanza silioni. La pili limenitisha. Robota lenyewe linabebwa na vijana, ila mimi nainama siku nzima kuchagua nguo, na nikiinama baada ya kula ndipo maji machungu yanapokuja hata mchana.

#18 MwalimuArua
Usiogope mama. Ngiri ya aina hiyo ni ya kawaida duniani, na wengi wanayo bila kujua.

Na kuna historia yake hapahapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, yule wa uvimbe wa taya za watoto aliouandika 1958, alifika Uganda 1946, akafanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Baadaye akawa anashikilia kwamba ngiri ya kiwambo ilikuwa nadra kwa Waafrika kwa sababu chakula chetu kilijaa nyuzinyuzi, tukaenda choo bila kujikamua. Wazungu wa mkate mweupe wakijikamua, presha ya tumbo inapanda na kusukuma tumbo juu. Kwa hiyo Afande, kwa maneno ya Burkitt, maharage yako ni KINGA.

#19 KakaBoda256
Afande yuko wapi? Afande jibu!

#20 AfandeMstaafu_Bombo
Niko. Burkitt hakula maharage ya kambi yetu.

#21 MuuguziLira
Burkitt sisi Lira tunamdai, Mwalimu 😄 Lakini tuseme ukweli: hiyo ilikuwa hoja yake, haijathibitika kama ile ya uvimbe wa taya. Zamani hapa watu waliopigwa picha za kunywea dawa nyeupe walikuwa wachache, na usichokitafuta hukioni. Anachosema kuhusu kujikamua kina mantiki, kila kinachobana tumbo kinasukuma asidi juu. Uzito wa kiunoni unabana. Mimba inabana. Mshipi wa gomesi, lile vazi letu la kina mama, ukikazwa kisawasawa unabana.

Na kwa wa huku kwetu: malakwang. Majani yake ni machachu na yanapikwa na siagi ya karanga au simsim. Nina wagonjwa wanaokula sahani nzima saa tatu usiku halafu wanakuja kuniuliza kwa nini wanaungua. Siwaambii waache, nani ataacha malakwang? Nawaambia wale mchana.

#22 BintiKasese
Sista umesema mimba, nilikuwa naogopa kuuliza. Niko miezi saba, naungua kuliko mama hapo juu. Mama mkwe ananiletea udongo wa kutafuna, anasema unakausha asidi. Kweli unatuliza kidogo.

#23 MuuguziLira
Hongera binti. Homoni ya ujauzito inalegeza ule msuli, na mtoto anasukuma tumbo juu. Wengi hupona wakishajifungua. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, na usilale mara baada ya kula. Udongo acha, mwambie mama mkwe kwa upole kwamba kliniki wamekataza. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na unazuia mwili kunyonya madini ya chuma wakati wewe unayahitaji kwa damu ya watu wawili. Siku ya kliniki ya wajawazito waombe dawa ya asidi inayofaa kwa mimba, zipo. Na kichwa kikiuma sana, ukaona vimulimuli, au maumivu yakawa juu ya tumbo upande wa kulia, hicho si kiungulia. Nenda siku hiyohiyo, inaweza kuwa presha ya mimba.

#24 BabaEsperance_Nakivale
Jamani mimi niko huku kambi ya wakimbizi Nakivale, asili yangu Kivu, Kongo. Sisi tunaweka magadi kidogo ndani ya maji, tunakunywa, gesi inatoka, moto unazima saa ileile. Bei ni bure. Kwa nini mnamzungusha mama na makapsuli?

#25 Mfamasia_Jinja
Baba, inazima kweli, sikatai. Magadi yanakutana na asidi, yanaivunja, inatoka hewa, ndiyo maana unabeua. Lakini yana chumvi nyingi ya sodiamu. Mama Mitumba ana presha. Kwake ni hatari, na kwa mwenye figo au moyo pia. Hata kwa mzima, ni ya siku mojamoja, siyo ya kila usiku.

Niwaambie na kuhusu vile vidonge vyeupe vya kutafuna na zile dawa za maji nzito. Vya magnesium vinaharisha, vya alumini vinafunga choo, ndiyo maana huchanganywa. Vinatuliza kwa muda mfupi. Ipo pia dawa iliyotengenezwa kwa mwani wa baharini, inaelea juu ya chakula tumboni na kuziba njia. Hiyo baada ya mlo na kabla ya kulala inasaidia. Ranitidine, dawa nyingine ya kupunguza asidi, msiitafute, Marekani ilitaka iondolewe sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya uchafu wa kemikali unaohofiwa kuleta saratani. Ndugu yake famotidine hana shida hiyo.

#26 KakaBoda256
Mfamasia, nina jamaa yangu wa stejini anameza ARV, na magnesium anatafuna kila siku. Ameniomba niulize.

#27 Mfamasia_Jinja
Asante kwa kumuulizia, hili ni zito. Dolutegravir, ambayo imo kwenye kidonge kinachotumiwa na watu wengi sana Uganda, inashikwa na magnesium na alumini tumboni, dawa haiingii vya kutosha mwilini. Ameze dolutegravir saa 2 kabla ya hiyo ya kutafuna, au saa 6 baada yake. Omeprazole haina shida na dolutegravir. Ila kama yuko kwenye ARV nyingine, atazanavir au rilpivirine, asiguse omeprazole mpaka aongee na kliniki yake. Na asiache ARV hata siku moja kwa sababu ya kiungulia.

#28 DerevaTrela_Malaba
Mimi nilitibiwa kiungulia muda mrefu, kifua kinabana nikipanda kwenye kabati ya trela, nikipumzika kinaacha. Nikatafuna vidonge mpaka nikachoka. Sehemu moja walipoamua kunipima moyo ndipo wakaona shida ni mishipa ya moyo. Wenye uzito, sukari, presha na sigara, msikubali kuambiwa alsa kabla moyo haujapimwa. Kiungulia kinafuata chakula na kulala. Kile changu kilikuwa kinafuata kazi.

#29 MuuguziLira
Kaka, umeandika jambo la kuokoa mtu. Kikija na jasho, kuishiwa pumzi, au maumivu ya mkono na taya, ni hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

#30 HajjiKibuli
Na saratani? Jirani yangu alianza na kiungulia hivihivi, tukazika.

#31 MuuguziLira
Pole Hajji, Mungu amrehemu. Saratani ya umio ipo kwa wingi ukanda huu wetu, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, na Uganda imo. Lakini aina inayotawala hapa si ile inayotokana na asidi ya muda mrefu, ambayo Ulaya na Marekani wanaiogopa sana. Ya kwetu inahusishwa zaidi na pombe, tumbaku, na vinywaji vya moto mno. 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Yaani si chai, ni ule moto wake. Kwa hiyo dalili ya kukimbiza mtu kwa daktari ni chakula kukwama: leo nyama inakwama, mwezi ujao posho, baadaye hata uji. Mwenye hiyo asipewe omeprazole akarudishwa nyumbani. Apelekwe kwenye kipimo cha kamera.

#32 HajjiKibuli
Chai yangu mimi nainywa ikiwa inachemka, tangu utoto. Nitaiacha ipoe.

#33 MwalimuArua
Kuhusu kulala. Mke wangu alipokuwa na hali hii tulimrundikia mito mitatu, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mito inamkunja mtu tumboni badala ya kumwinua. Inayotakiwa ni kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwani, sentimita 15 mpaka 20. Tulianza na matofali, kitanda kikawa kinateleza akijigeuza. Fundi akatukatia vipande viwili vya mvule, akavichimba shimo dogo juu kwa patasi, kiasi cha kina cha kidole, mguu wa kitanda unatumbukia humo na kukaa. Haujasogea tena. Na alale ubavu wa kushoto, maana hapo tumbo linakaa chini ya mlango wa umio. Ubavu wa kulia mlango unazama kwenye asidi.

#34 KakaBoda256
Kwa hiyo Mwalimu na wewe unalala kwenye mteremko? 😄

#35 MwalimuArua
Na mimi. Mwanzoni nilikuwa naamka miguu iko nje ya kitanda. Nimezoea.

#36 MamaMitumba_Owino (wiki kadhaa baadaye)
Wapendwa, nimerudi. Nilikwenda nikiwa nimeandika maswali yenu kwenye karatasi. Daktari alisikiliza, akabadilisha nifedipine kwa dawa nyingine ya presha, akaniambia diclofenac niiweke pembeni, omeprazole nimeze asubuhi nikiamka, kabla ya chai, kwa wiki 8. Kamera nimepigwa pia. Umio umechubuka sehemu ya chini, ngiri hawajaiona, kidonda cha tumbo hakuna. Kipimo cha bakteria nitarudia nikishaiacha omeprazole wiki 2 kama Mfamasia alivyosema.

Chakula kikubwa sasa nakula saa tisa alasiri palepale sokoni, usiku uji au ndizi mbivu. Kitanda kimeinuliwa. Moto umepungua sana, kuna usiku haupo kabisa. Kukohoa usiku kumeacha.

#37 AfandeMstaafu_Bombo
Alhamdulillah. Ila useme ukweli, maharage umeacha?

#38 MamaMitumba_Owino
Nayala mchana, Afande wangu.

#39 HajjiKibuli
Mimi nasema ni mawazo yamepungua, kwa kuwa umejua si saratani.

#40 Mfamasia_Jinja
Mimi nasema ni nifedipine, na muda wa kumeza omeprazole.

#41 MuuguziLira
Nami nasema ni ile saa tisa. Mama amebadilisha mambo matano kwa pamoja, kwa hiyo hakuna atakayejua. Asiyarudishe ili tushinde ubishi.

Mama, wiki 8 zikiisha usiikate omeprazole ghafla bila kuongea na daktari. Tumbo lililozuiwa kwa muda huwa linatoa asidi kwa wingi kwa siku kadhaa likiachiwa, mtu anadhani ugonjwa umerudi, anakimbilia dawa tena. Wengine hupunguza polepole, na zile za kutafuna zinawasaidia kuvuka kipindi hicho.

#42 HajjiKibuli
Na akibaki nayo miaka? Nasikia inaharibu mifupa.

#43 Mfamasia_Jinja
Kwa wanaoitumia miaka imehusishwa na kuvunjika mifupa, upungufu wa vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Hatari yenyewe ni ndogo, na mwenye umio uliochubuka vibaya anaihitaji, asitishwe akaacha. Asiyeihitaji ndiye apunguze, atumie dozi ndogo inayomtosha.

#44 MamaMitumba_Owino
Sawa. Lililobaki ni la Ramadhani. Nikifunga, kapsuli nimeze lini? Na daku itakuwaje, maana baada ya daku huwa narudi kulala.

#45 Mfamasia_Jinja
Ukijaliwa, amka mapema kidogo, meza kapsuli kwa maji, subiri nusu saa ndipo ule daku. Kama ni vigumu, meza kwa maji wakati wa kufuturu, swali Magharibi, halafu ndipo ule chakula. Mjulishe daktari kwanza kwa sababu ya presha.

#46 HajjiKibuli
Na usilale baada ya daku, Hajat. Kaa usome Qur'ani mpaka Alfajiri, uswali, kisha uende zako sokoni. Futari nayo igawe: tende na maji, uji, swala, chakula kidogo. Sambusa na kachori za mafuta waachie vijana wa bodaboda.

#47 KakaBoda256
Tunazipokea. Leteni stejini.